Nitafundishaje safari ya mwisho ya Livingstone kwa programu shirikishi za mtandaoni?

SWALI: Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari mkoani Tabora. Tuna maabara yenye kompyuta chache, na intaneti yetu hukatika mara kwa mara. Mwaka jana niliwapitisha wanafunzi wa kidato cha pili katika ziara ya mtandaoni ya safari za David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti wa karne ya 19. Walifurahi, wakabofya kila kilichobofyeka, lakini wiki iliyofuata hawakuweza kunieleza lolote zaidi ya kwamba alikutana na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley huko Ujiji. Je, nilichagua programu mbaya, au niliitumia vibaya? Nifanye nini safari hii, na nitajuaje kwamba wamejifunza?

JIBU: Mwalimu, sidhani kwamba programu uliyoichagua ilikuwa mbaya kuliko nyingine, na wala sidhani kwamba uliitumia kinyume na ilivyokusudiwa. Ziara nyingi za aina hiyo zimeundwa hivyohivyo: kuna ramani, kuna nukta, na mwanafunzi akibofya nukta ya Mikindani anaambiwa kilichotokea Mikindani, akibofya Ujiji anaambiwa kilichotokea Ujiji. Mkono wake unashughulika lakini akili yake haijaombwa kitu. Hakuna jambo aliloliamua, hakuna maelezo aliyoyatilia shaka, na hakuna mahali ambapo angeweza kukosea. Anakumbuka mkutano wa Ujiji kwa sababu alikuwa ameshausikia kabla ya kuketi mbele ya kompyuta.

Kwa maoni yangu, somo la mtandaoni huwa shirikishi pale tu mwanafunzi anapolazimika kufikia uamuzi kwa ushahidi ulio mbele yake, huku akijua kwamba mwenzake wa kompyuta ya pili anaweza kufikia uamuzi tofauti na wote wawili wakatakiwa kujieleza. Ukikubali kigezo hicho, mpangilio wa maandalizi unageuka: unaanza na swali ambalo nyaraka zinaweza kulijibu lakini hazilijibu kirahisi, kisha unatafuta nyaraka zenyewe, na programu inachaguliwa mwisho.

Historia ya programu hizi ina mfano mmoja unaofaa kuujua kabla ya kuandaa chochote. Mwaka 1971, huko Minnesota nchini Marekani, vijana watatu waliokuwa wakijifunza ualimu walitunga mchezo wa kompyuta uitwao The Oregon Trail kwa ajili ya somo la Historia. Mwanafunzi alikuwa mhamiaji wa karne ya 19 anayesafiri kwa gari la kukokotwa na maksai kuelekea magharibi, naye aliamua anunue chakula kiasi gani, risasi ngapi, na lini asimame kuwinda. Uzuri wake ulikuwa kwamba kila uamuzi ulikuwa na gharama. Ubaya wake, ambao ulichelewa kusemwa waziwazi, ni kwamba wenyeji wa nchi ile walionekana kama sehemu ya hatari za njiani au wasaidizi wa msafiri, kwa sababu mwanafunzi alikalishwa ndani ya gari la mhamiaji tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2019 ulitoka mchezo mwingine, When Rivers Were Trails, uliotungwa kwa ushirikiano na wenyeji wenyewe, ambao humweka mchezaji katika nafasi ya mtu wa kabila la Anishinaabe aliyeondolewa kwenye ardhi yake katika miaka ya 1890. Bara ni lile lile na karne ni ile ile, lakini mtu anayejifunza kupitia mchezo mmoja anatoka na historia tofauti kabisa na ya aliyejifunza kupitia mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza utumie programu gani, jiulize wanafunzi wako watakalishwa wapi. Ziara za mtandaoni za Livingstone, karibu zote nilizoziona, humkalisha mwanafunzi begani kwa Livingstone. Mwanafunzi wa Tabora anaitazama Unyanyembe, yaani nyumbani kwake, kama kituo cha mapumziko cha mgeni.

Pendekezo langu la kwanza ni kupunguza. Safari ya mwisho ilianza Machi 1866, Livingstone alipotoka Unguja na kushuka Mikindani, ikapita kusini mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1867, ikafika Ziwa Mweru mwaka huohuo na Bangweulu mwaka 1868, ikafika Ujiji Machi 1869, ikaingia Manyema (katika Kongo ya leo) hadi Nyangwe kwenye mto Lualaba mwaka 1871, ikarudi Ujiji, ikaja Kwihara hapo jirani yenu, kisha ikaelekea tena Bangweulu, ambako Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Hii ni miaka saba, na hakuna kidato kinachoweza kuimeza yote kwa vipindi viwili au vitatu. Ipitie haraka kwa ramani, dakika 20 zinatosha, kisha tua mahali pawili ambapo nyaraka ni nyingi na zinapingana. Mimi ningetua Chitambo na Nyangwe, na ningeanza na Chitambo ingawa kwa tarehe inakuja mwisho.

Sababu ya kuanza Chitambo ni kwamba hapo Livingstone amekwisha kufa, na kwa hiyo hawezi tena kuwa mtu anayeamua. Waliobaki ni watu wapatao 60: Abdullah Susi wa Shupanga, James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, vijana waliosoma shule ya Nassick nchini India, wakiwemo Jacob Wainwright na Carus Farrar, wapagazi na askari waliotumwa na Stanley kutoka Unguja mwaka 1872, na wanawake, wakiwemo Halima aliyekuwa mpishi, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Wako mbali na pwani, masika yamewachosha, mali ya kununulia posho na kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, ni kidogo, na wana maiti. Wafanye nini?

Swali hilo lina maamuzi yasiyopungua manne ambayo yanaweza kupangwa katika programu, na yote yana ushahidi. La kwanza ni kumwambia mtemi Chitambo au kumficha. Walihofia kutozwa faini kubwa kwa ajili ya kifo katika nchi yake, lakini habari ilimfikia, wakamweleza, naye akawashauri wamzike hapohapo kabla ya kukubali mpango wao. La pili ni kuzika au kubeba. Walijenga boma nje ya kijiji, Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Unguja, akautoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti wa mpundu huku Wainwright akisoma ibada ya maziko na kisha akachonga maandishi kwenye shina. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa muda wa wiki mbili, ukafungwa kwa kitambaa, gome la mti na turubai. La tatu lilitokea kwenu, Kwihara, Oktoba 1873, walipomkuta Luteni Verney Lovett Cameron ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo, akachukua pia baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyokuwa mali ya marehemu. Walikataa ushauri wake. La nne ndilo wanafunzi hulipenda zaidi: walipofika Kasekera walikuta watu hawataki maiti ipite katika nchi yao. Wakatangaza kwamba wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe, wakafunga mabua ya mtama kwa mfano wa maiti, baadhi yao wakaondoka nayo usiku na kuitupa porini, na mwili wenyewe ukafungwa upya uonekane kama robota la kawaida la nguo. Wakafika Bagamoyo Februari 1874, miezi tisa baada ya kuanza maandalizi.

Kwa ajili ya maamuzi haya ningetumia Twine. Ni programu huria ya kutunga simulizi zenye njia mbalimbali, ambayo haihitaji ujuzi wa kuandika msimbo: unaandika kisanduku cha maelezo, unaweka viungo viwili au vitatu, kila kiungo kinaelekea kisanduku kingine. Ubora wake kwa shule kama yako ni kwamba kazi ikikamilika inahifadhiwa kama faili moja la HTML ambalo hufunguka kwenye kivinjari chochote bila intaneti, hata kwenye kompyuta kuukuu. Unaligawa kwa flashi. H5P, programu nyingine ya kutunga mazoezi ya mtandaoni, nayo ina aina ya zoezi la maamuzi yenye matawi, na inafaa ikiwa shule tayari ina Moodle, yaani mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, lakini kwa mwalimu anayeanza peke yake Twine haina usumbufu mwingi.

Namna ya kuandika visanduku hivyo ndiyo inayoamua kama somo litafaulu. Katika kila kisanduku cha uamuzi andika tu mambo ambayo watu wale walikuwa wanayajua siku ile, na usiandike tunayoyajua sisi. Waonyeshe mizigo: mpagazi wa njia ya Unyanyembe alibeba kwa kawaida frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mwili uliofungwa kwenye mti unahitaji watu wawili kwa zamu, ambao hawatabeba merikani (kitambaa cha pamba) wala shanga za kununulia chakula. Kisha, kabla ya kuwaruhusu kubofya, watake waandike kwenye daftari sentensi mbili: tunachagua hiki, kwa sababu hii. Daftari, Mwalimu, ndilo linalozuia kubofyabofya. Bila hilo, wanafunzi watajaribu kila njia hadi waone ipi inaendelea, na mchezo utakuwa umekwisha kabla ya kengele.

Usiweke pointi, wala sauti ya kushangilia mwanafunzi anapochagua walichochagua wale. Uamuzi wa kihistoria haukuwa jibu sahihi la mtihani, na kikundi kinachochagua kuzika Kwihara kwa hoja nzuri kimefanya kazi ya kihistoria vizuri zaidi kuliko kile kilichobahatisha. Baada ya kuchagua, waonyeshe wale watu walifanya nini na tumelijuaje jambo hilo, kwa kutaja chanzo.

Hapo ndipo utafika kwenye swali ambalo kwangu ndilo kiini cha somo zima, nalo ni kwa nini waliubeba. Simulizi iliyoenea sana, ambayo bado imo katika vitabu vingi vya shule, inajibu kwa neno moja: uaminifu wa watumishi. Jibu hilo lina historia yake. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baada ya mwili kuzikwa Westminster Abbey, London, na wakamsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuandaa shajara za mwisho za Livingstone zilizochapishwa mwaka 1874. Maelezo yao tunayapata kupitia kalamu ya Waller, ambaye alikuwa na sababu zake za kutaka wasomaji wa Kiingereza waguswe. Chama cha Kijiografia cha Kifalme kilitengeneza medali 60 zenye maneno ya kuwasifu kwa uaminifu hadi mwisho. Wanafunzi wakiachiwa hapo watakuwa wamejifunza kile Waller alichotaka wajifunze.

Waongezee ushahidi mwingine waupime. Mwaka 1866 wapagazi wa Nzwani, kisiwa cha Komoro, wakiongozwa na Musa walimwacha Livingstone njiani, wakarudi pwani na kusema ameuawa. Mwaka 1867 msafara wa E. D. Young, uliotumwa kumtafuta, ukagundua kwamba ulikuwa uongo. Chuma na Susi walikuwepo Musa alipoondoka. Je, mtu aliyeiona kesi hiyo angefika Unguja mikono mitupu na kusema bwana amekufa, akategemea kusadikiwa? Kulikuwa na mishahara ambayo ingelipwa kwa kufika na kuthibitisha. Kulikuwa na desturi za maziko za watu waliotoka mahali mbalimbali na wenye dini mbalimbali. Na kulikuwa, bila shaka, na mapenzi kwa mtu waliyeishi naye miaka mingi. Sioni sababu ya kuwanyima hilo. Nashauri usiwapangie wanafunzi sababu ipi ni kuu. Wape sababu hizo nne kama kadi kwenye skrini, wazipange, kisha waambie wataje ni waraka gani unaounga mkono kila mpangilio.

Waraka ambao ningeuweka mbele yao hapo ni shajara ya Jacob Wainwright, aliyoiandika kwa mkono wake kwa Kiingereza, na ambayo picha zake ziliwekwa mtandaoni mwaka 2019 katika tovuti ya Livingstone Online. Wainwright ni Mwafrika wa msafara ule ambaye maandishi yake ya mkono kuhusu siku zile yamebaki. Ndiye pia aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu pale Chitambo, na ndiye aliyesimama Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874 miongoni mwa wabeba jeneza. Alifariki Urambo mwaka 1892, katika mkoa wenu. Sijui kama kuna kitabu cha kiada kinachowaambia watoto wa Tabora jambo hilo, wewe waambie.

Nyangwe inahitaji utaratibu tofauti kabisa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki waliokuwa chini ya mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wengi wakazama Lualaba wakikimbia. Livingstone alikuwepo, na aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti la The Standard la mwaka 1869, mistari yake ikikatiza maandishi yaliyopigwa chapa, kwa wino alioutengeneza kutokana na mmea wa huko. Wino huo ulififia hadi maandishi yakawa hayasomeki kwa zaidi ya karne. Mradi ulioongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki ulipiga kurasa hizo picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, ukafifisha chapa ya gazeti na kuukoleza wino, na mwaka 2011 ukaziweka mtandaoni kwa kila mtu.

Hapa ndipo teknolojia inapofanya jambo ambalo ubao na chaki haviwezi. Fungua ukurasa mmoja kwenye projekta, uonyeshe kwanza jinsi unavyoonekana kwa jicho, kisha picha iliyochakatwa, kisha nakala iliyochapwa. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba maneno ya kitabu yalitoka kwenye karatasi fulani, kwa mkono wa mtu fulani, katika hali fulani. Baadaye waonyeshe kwamba Livingstone mwenyewe alinakili habari hiyo katika shajara yake kubwa, na kwamba watafiti waliolinganisha maandishi hayo mawili walikuta tofauti, hasa katika namna alivyowaeleza watu wa msafara wake mwenyewe. Wape aya mbili sambamba kwenye skrini, watie alama palipobadilika, na waulize mabadiliko hayo yanamlinda nani. Kazi hiyo moja inatosha kipindi kizima.

Lakini Nyangwe isichezwe. Usitunge simulizi ya maamuzi ambamo mwanafunzi ni mfyatuaji, wala ambamo ni mwanamke anayekimbilia mtoni, wala ambamo ni mtumwa anayechagua njia ya kutoroka. Kuna masomo ya mtandaoni huko nje yaliyofanya hivyo kuhusu utumwa, na matokeo yake huwa kicheko darasani au aibu. Kumbuka pia darasa lako lina nani. Mkoani Tabora, kama Ujiji na Bagamoyo, wamo watoto ambao mababu zao waliletwa kutoka Manyema, na wamo ambao mababu zao walikuwa wenye misafara, na mara nyingine ni mtoto mmoja mwenye mababu wa pande zote mbili. Soma maandishi, linganisha, jadili, na uwe tayari kusimamisha kompyuta na kuzungumza tu.

Kuhusu ramani nitakuwa mfupi, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu huifanya na mara nyingi kupita kiasi. Google Earth ya kwenye kivinjari hukuruhusu kuweka vituo, picha na maelezo, na kupima umbali. uMap, inayotumia ramani za OpenStreetMap, ni nyepesi zaidi kwa intaneti dhaifu. Zoezi moja lenye maana ni hili: vitabu vingine husema mwili ulibebwa maili 1,000, vingine husema 1,500. Vikundi vipime njia kutoka Chitambo, iliyo Zambia ya leo, hadi Bagamoyo kupitia Kwihara, na kila kikundi kieleze kwa nini kipimo chake kimetofautiana na cha wenzake. Watagundua wenyewe kwamba njia ya msafara haikuwa mstari ulionyooka, kwamba ililazimika kuzunguka vinamasi, vita na wenye kudai hongo, na kwamba namba za kwenye vitabu zilikadiriwa na mtu.

Mnayo pia bahati ambayo shule nyingi hazina: jumba la makumbusho la Kwihara, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, liko karibu na Tabora mjini. Nendeni kabla ya somo la mtandaoni, si baada yake. Wanafunzi wapige picha, wapime vyumba kwa hatua, kisha picha zao ziingie kwenye ramani badala ya zile za kupakua. Mwanafunzi aliyesimama barazani pale anauelewa vizuri zaidi uamuzi wa kukataa ushauri wa Cameron.

Sasa habari ya kompyuta chache na intaneti ya kusuasua. Usipange kipindi chochote kinachotegemea kurasa kufunguka wakati wa kipindi. Pakua picha za kurasa unazozihitaji mapema, hata kwa simu ukiwa mjini, uzihifadhi katika folda yenye majina yanayoeleweka. Ikiwa shule inaweza kupata kompyuta moja ya kutumika kama seva, Kolibri ni programu ya bure iliyoundwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unapakia masomo humo na kompyuta nyingine au vishikwambi vinayafuata kwa mtandao wa ndani wa shule. Kama haiwezekani, flashi itatosha. Kuhusu idadi, wanafunzi watatu kwa kompyuta moja si upungufu katika kazi ya aina hii, mradi kila mmoja ana wajibu: mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika hoja daftarini, mmoja anashika kipanya na haruhusiwi kubofya hadi wenzake wawili wakubaliane. Wabadilishane katika kila uamuzi. Kwa kweli, ningepewa kompyuta 40 bado ningewaketisha watatu watatu, kwa sababu mabishano yao ndiyo somo.

Lugha itakusumbua zaidi kuliko mashine. Kiingereza cha Livingstone ni cha karne ya 19, na mwandiko wake ni mgumu hata kwa wazoefu. Chagua vifungu vifupi, visizidi mistari sita, uweke nakala iliyochapwa chini ya picha, na uruhusu mabishano ya kikundi yafanyike kwa Kiswahili hata kama jibu la mwisho litaandikwa kwa Kiingereza. Fikra inayojengwa kwa lugha ambayo mtoto anaimudu huhama kwenda lugha ya mtihani kwa urahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili, kinachofundishwa kwa Kiswahili, tafsiri vifungu mwenyewe, na uwaambie wanafunzi kwamba ni tafsiri yako.

Umeuliza utajuaje kwamba wamejifunza. Usitegemee alama ambazo programu inakupa, kwa sababu zinapima kama mwanafunzi alifika mwisho wa programu. Kabla ya somo, mpe kila mwanafunzi karatasi yenye swali moja: kwa nini mwili wa Livingstone ulibebwa hadi pwani, na unajuaje? Kusanya bila kusahihisha. Wiki mbili baada ya somo, bila kuwaonya, wape swali hilohilo. Linganisha karatasi mbili za mtoto mmoja. Usihesabu urefu wa jibu. Tazama kama sasa anataja ni nani aliyesema jambo analolisema, kama anakiri kwamba kuna sababu zaidi ya moja, na kama ameacha kuandika kana kwamba watu 60 walikuwa na nia moja. Ukiona mambo hayo katika nusu ya karatasi, somo limefanya kazi. Usipoyaona, rudi kwenye visanduku vyako vya Twine na uchunguze ni kipi kinachowapa jibu mapema mno. Mara nyingi ni kimoja au viwili tu.

Kuhusu mtihani wa taifa, ambao najua wazazi na mkuu wa shule watakuuliza, kazi hii haiko nje yake. Mada ya wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara kama mawakala wa ukoloni huwataka wanafunzi waeleze wapelelezi walichangia vipi kuingia kwa wakoloni, na wengi hujibu kwa kukariri orodha. Mwanafunzi aliyefuatilia jinsi maandishi ya Nyangwe yalivyosomwa Uingereza na kuongeza shinikizo lililofuatiwa na mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja, ana mfano mmoja ulio hai wa kuweka chini ya kila hoja ya orodha hiyo. Tenga dakika kumi za mwisho kwa ajili ya kuunganisha jambo hilo waziwazi, maana wanafunzi wengi hawaoni wenyewe kwamba kazi ya kompyuta na swali la mtihani vinahusiana.

Jambo la mwisho ni la haki za matumizi. Picha za Livingstone Online hutolewa kwa masharti yanayoandikwa pamoja na kila waraka, na kwa ujumla matumizi ya darasani yasiyo ya kibiashara yanaruhusiwa mradi mwenye waraka anatajwa. Kwa hiyo weka jina la taasisi inayohifadhi kila ukurasa katika kisanduku husika cha Twine, na uwaoneshe wanafunzi kwa nini umeliweka. Faili likikamilika, wagawie walimu wenzako wa Historia wa Kigoma na Bagamoyo, nao waongeze visanduku vya upande wao wa njia: Kigoma wana Ujiji, na Bagamoyo wana mnara wa kanisa la zamani la misheni ambamo mwili ulilazwa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja.